Bata wa Darasa la Nne

Kuna nchi moja, si yenu, kwa hiyo msianze kutazamana. Jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa. Ikitajwa huuliza nani kaitaja, kwa ruhusa ya nani, na huyo mtu analala wapi. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina amani tele, nyingi kiasi kwamba askari husimama kila njia panda kuizuia isimwagike.

Miaka ya nyuma nchi hiyo ilipitiwa na upepo. Msinitazame mimi, ndivyo sheria inavyosema. Watu wa Juu na watu wa Bondeni, ambao tangu enzi za mababu walikuwa wakioana, wakiombana chumvi na kuzikana, waliamka siku moja wakaambiwa na redio kwamba hawapendani. Yaliyofuata kila mtu aliyaona. Yalipokwisha ikaingia serikali mpya, ambayo kwa bahati njema ilikuwa na mawaziri wale wale wa zamani, na kazi yake ya kwanza ikawa kulipiga marufuku neno vita. Kilichotokea, ilisema sheria, kilikuwa Upepo Mkali. Waliokufa walipeperushwa. Nyumba zilizoungua ziliunguzwa na upepo. Na mtu akithubutu kusema kwamba upepo huo ulikuja na lori, ukabisha hodi na kuwaita watu kwa majina yao, huyo alikuwa mchochezi, na mahali pa wachochezi palijulikana.

Mwalimu Sikudhani alikuwa mmoja wa walioachiwa pengo. Mumewe, Msabaha, fundi wa redio pale Bondeni, alipeperushwa asubuhi akiwa bado na bisibisi mkononi. Sikudhani alipokwenda kuuliza, Idara ya Hali ya Hewa ilimpa cheti kizuri chenye muhuri, salamu za pole, na kasi ya upepo wa siku ile. Alirudi nacho nyumbani, akawashia jiko. Tangu hapo akawa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na ncha.

Alifundisha darasa la nne katika Shule ya Msingi Mapatano, ambako watoto wa Juu na wa Bondeni walikaa dawati moja kwa amri ya serikali na kutemeana mate kwa hiari yao. Wakati wa mapumziko walikuwa na mchezo wao. Mmoja alikuwa dereva, wengine walipangwa mstari, wakashikwa mashati, wakapandishwa kwenye lori la mawe na vijiti. Aliyepandishwa hakutakiwa kusema kitu. Akisema, anatoka mchezoni. Sikudhani aliutazama mchezo ule kila siku kutoka dirishani. Walimu wenzake walisema watoto ni watoto. Yeye aliona watoto wale walikuwa wakijifundisha wenyewe somo ambalo watu wazima walikataa kuwafundisha, na walikuwa wakijifundisha vibaya.

*

Basi ukaja waraka. Wafadhili walikuwa wamesema hawatatoa tena msaada wa madawati hadi watoto wafundishwe kuhusu migogoro, na wafundishwe kwa njia ya hadithi, kwa kuwa hadithi haimtishi mtoto. Mheshimiwa Makorongo, Waziri wa Elimu, Maridhiano na Hali ya Hewa, alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili na kulitangaza kama lake.

Mwalimu mkuu, Bwana Ngwali, mtu mpole aliyezoea kutazama mlango kabla ya kusema, aliusoma waraka mbele ya walimu wote. "Kila Jumatano, kipindi cha pili, migogoro itafundishwa kupitia hadithi za watoto, kwa namna ambayo haitamfanya mtoto yeyote atambue kwamba kuna mgogoro."

"Hadithi zenyewe ziko wapi?" Sikudhani akauliza.

"Hadithi hazijaletwa. Umeletwa waraka."

"Zitaletwa lini?"

"Mwalimu Siku, waraka hauulizwi hivyo. Kwa sasa kila mwalimu atumie busara."

"Busara nayo imeletwa?"

Bwana Ngwali alitazama mlango, akaukunja waraka, akasema kikao kimefungwa.

Jumamosi Sikudhani alikaa barazani kwake akaitunga hadithi mwenyewe. Hakuwa mtunzi. Alichokuwa nacho ni hasira, na aligundua kwamba hasira ikitulizwa vizuri inaweza kuandika sentensi fupi ambazo mtoto anazielewa.

*

Hadithi ilikuwa ya kuku na bata waliofugwa ua mmoja. Walinywea beseni moja. Bata walikuja wakiyumba, wakaingia majini kwa miguu, kuku wakanung'unika, lakini maji yalitosha na maisha yakaenda. Halafu akaja kunguru akatua ukutani, akawaambia kuku kwamba bata wanachafua maji makusudi, akawaambia bata kwamba kuku wanataka beseni liwe lao peke yao. Alisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, hadi kuku na bata wakaanza kulala macho wazi. Siku moja kulipokucha, nusu ya ua ilikuwa na manyoya tupu. Kifaranga mmoja akatoka chini ya tenga, akamkuta mtoto wa bata kasimama peke yake karibu na beseni. Kifaranga akamuuliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Hapo Sikudhani akaiacha. Aliweka chaki mezani, akawageukia wanafunzi wake. "Mtoto wa bata alijibu nini? Mnimalizie ninyi."

Darasa lile lilikuwa halinyamazi hata kwa fimbo. Siku hiyo walijibu mmoja mmoja.

Mmoja alisema mtoto wa bata hajibu, anakimbia. Mwingine akasema anajibu, "Sijui, hata mama yangu simuoni." Msichana wa mbele akasema mtoto wa bata anasema amechukuliwa na upepo. Watoto kadhaa wakacheka, kicheko kifupi, kisichofaa umri wao.

Kisha Pandu akanyoosha mkono. Pandu alikuwa mtoto wa Juu, mdogo wa umbo, asiyesema darasani labda aulizwe, na hata hapo husema kwa kutazama chini. Baba yake alikuwa fundi wa pancha barabarani, na zamani alikuwa dereva.

"Mtoto wa bata anajua," Pandu alisema.

"Anajua nini?"

"Anajua walipo. Baba yake alikuwa anaendesha lori."

"Bata anaendeshaje lori?" mtoto mmoja akauliza, lakini hakuna aliyecheka.

"Wako nyuma ya ghala la pamba," Pandu aliendelea, bado anatazama dawati. "Wako wengi. Baba bata akinywa, huwa anasema. Halafu analia. Akimaliza kulia anasema mtoto akimwambia mtu, atamchinja."

Aliyekaa dawati moja naye alikuwa Somoe, mtoto wa Bondeni, aliyelelewa na bibi yake kwa kuwa mama alipeperushwa. Somoe akanyoosha mkono taratibu, kama mtu anayeuliza ruhusa ya kwenda msalani.

"Mwalimu, ghala la pamba lipi? Hili letu?"

Sikudhani alikuwa akipita nyuma ya ghala lile kila alipokwenda sokoni. Nyasi za pale zilikuwa za kijani hata kiangazi, na mara moja aliwahi kukata majani ya mbuzi pale akamshukuru Mungu. "Hii ni hadithi, Somoe," alisema.

"Najua ni hadithi, mwalimu. Nauliza ghala lipi."

*

Somoe alikwenda nyumbani akamsimulia bibi yake. Bibi Mwanate hakulia wala hakupiga kelele. Alijifunga mtandio, akaenda nyumba kwa nyumba Bondeni, na asubuhi akafika shuleni na wanawake waliojaza uwanja. Walisimama nje ya darasa la nne kimya, wakimsubiri mwalimu amalize kipindi.

"Mwalimu, mjukuu wangu ananiambia hadithi yako haina mwisho," Bibi Mwanate alisema.

"Haina, bibi."

"Sisi tumekuja kuutafuta. Tukichukua majembe, tutakuwa tumekosea hadithi?"

Sikudhani alimtazama kikongwe yule, mkavu kama kuni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya bisibisi akasikia ana mtu wa kusema naye. "Hamtakosea," alijibu. "Na mimi nitakuja na langu."

Lakini katika nchi hiyo habari za wananchi huifikia serikali kabla hazijawafikia wananchi wenyewe. Kabla wanawake hawajafika majumbani kuchukua majembe, askari walikuwa wamekwisha kulizunguka ghala, kulinda nyasi. Na Sikudhani akaletewa wito: afike mji mkuu, mbele ya Kamati ya Kutambua Wanyama wa Hadithi, yeye pamoja na bata.

*

Kamati hiyo iliundwa haraka na watu wazito. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kiluvya, mtaalamu wa fasihi aliyekuwa hajasoma hadithi kwa muda mrefu kwa sababu ya majukumu. Pembeni yake alikaa kanali mmoja, mwanasheria mmoja, na daktari wa mifugo. Juu ya meza kulikuwa na tenga, na ndani ya tenga bata wa kweli aliyeletwa kwa ajili ya ulinganisho. Bata huyo alikuwa amekwisha kuharisha juu ya kitambaa cha meza, na kwa heshima ya kikao hakuna aliyeligusa jambo hilo.

"Mwalimu," Profesa alianza, "sisi si maadui wa hadithi. Hadithi ni kioo cha jamii. Kwa hiyo tunataka kujua umekielekeza wapi. Huyu bata ni nani?"

"Ni bata."

"Bata gani?"

"Wa kufugwa."

Daktari wa mifugo akaandika.

"Imeonekana," alisema mwanasheria, "kwamba katika hadithi yako bata hutembea kwa kuyumba. Upande huu, halafu upande huu. Unafahamu kwamba Mheshimiwa Waziri ana tatizo la nyonga?"

"Sikufahamu."

"Kwa hiyo unakanusha kwamba Mheshimiwa anatembea kama bata?"

"Sijasema anatembea kama bata."

"Iandikwe kwamba shahidi amekanusha kwamba Mheshimiwa anatembea kama bata," alisema Profesa, "jambo ambalo hakuna mtu aliyelisema, na atakayelisema achukuliwe hatua. Tuje kwa kunguru. Kunguru ni redio ya taifa?"

"Kunguru ni kunguru. Kama redio ya taifa imejiona, hilo si langu."

Kanali akajikohoza. Alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti ndogo. "Tatizo langu mimi ni lori," alisema. "Lori halikuwemo kwenye hadithi. Limeingizwa na mwanafunzi. Malori yote ya wakati ule yalikuwa ya serikali. Nani alimruhusu mwanafunzi kutumia lori la serikali?"

Sikudhani aliinua uso. "Kwa hiyo yalikuwepo malori."

Wajumbe walitazamana. Bata akalia mle tengani.

"Hayakuwepo," alisema mwanasheria kwa upole. "Ila kama yangekuwepo, yangekuwa ya serikali, yangekuwa na kibali, na kwa hiyo kusingekuwa na kosa."

"Mume wangu alipandishwa kwenye mojawapo," Sikudhani alisema. Hakuipandisha sauti. "Mbele yangu. Alikuwa anatengeneza redio ya jirani. Nilikimbia nyuma ya lori hadi darajani, na kuna askari alinicheka. Andikeni na hilo, mnaandika kila kitu."

Hakuna kalamu iliyosogea.

"Pole sana, mwalimu," Profesa alisema. "Upepo wa mwaka ule ulikuwa wa kipekee." Akafungua karatasi nyingine, uso ukachangamka kama wa mtu aliyefika kwenye kipande anachokipenda. "Sasa habari njema. Serikali imeisikia hamu ya watoto. Hadithi yako imeboreshwa, itachapishwa, na itasomwa nchi nzima. Hii hapa."

Hadithi iliyoboreshwa iliitwa Kuku na Bata Wanakunywa Maji. Kuku walikunywa maji. Bata walikunywa maji. Maji yalikuwa mengi kwa sababu ya uongozi mzuri. Kunguru alikuwa ameondolewa, na mahali pake palikuwa na mgeni mwenye suti aliyekuja kuzindua beseni. Mwishoni kulikuwa na swali moja la kupima uelewa: Nani alikosea? Majibu ya kuchagua yalikuwa hakuna, hakuna kabisa, na yote mawili.

"Zaidi ya hayo," Profesa aliendelea, "Mheshimiwa ameamua kujenga Maktaba ya Amani ya Watoto palepale mnapopapenda, nyuma ya ghala la pamba. Na wewe ndiye utakuwa mkutubi mkuu. Kuna nyumba, kuna mshahara wa daraja la juu. Jumatano, kipindi cha pili, Mheshimiwa na wafadhili watakuja kuzindua. Darasa lako litaisoma hadithi hii kwa pamoja, kisha zege litamwagwa."

"Kwa nini pale?"

"Wahandisi wamependekeza. Ardhi ya pale ni laini."

Sikudhani alisimama. Akalitazama tenga. Halafu akaitia ile hadithi mle ndani kwa bata, akatoka.

*

Bwana Ngwali alimsubiri kituo cha basi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwalimu yeyote. Walitembea pamoja barabara ya vumbi.

"Kubali, Mwalimu Siku," alisema. "Nakusihi kama dada yangu. Hata mimi upepo ulimchukua kaka yangu, Bakame. Hujawahi kunisikia nikilia. Nimekaa kimya, nimefanya kazi, leo ni mwalimu mkuu."

"Na Bakame amekuwa nini?"

Bwana Ngwali akasimama. Sikudhani alimwacha pale barabarani, na hakuona haya kumwacha.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa baba yake Pandu, kwa maana Pandu alikuwa haonekani shuleni tangu siku ile ya hadithi. Mwanamume huyo alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anazamisha mpira wa baiskeli kutafuta tundu. Pandu alikaa mlangoni, jicho moja limevimba.

"Shikamoo, mwalimu," mtoto alisema.

"Marahaba, Pandu. Kesho njoo shule."

"Mwanangu ni mwongo," baba alisema bila kuinua kichwa. "Akisema tena nitamvunja mkono."

"Mwanao ndiye mtu pekee wa nchi hii aliyejibu swali langu," Sikudhani alisema. "Ukimgusa tena nitakuja hapa na Bondeni yote. Sikutishi, nakupa taarifa. Jumatano wanamwaga zege pale."

Mikono ya yule mtu ilitulia majini. Mapovu madogo yalipanda kutoka kwenye tundu alilokuwa akilitafuta, naye hakuyaona.

"Mimi nilikuwa dereva tu," alisema hatimaye. "Dereva haulizi mzigo."

"Mume wangu hakuwa mzigo."

"Nilikuwa na mtoto mchanga. Walisema nikikataa..."

"Sijaja kukusikiliza ukijieleza, na sijaja kukusamehe," Sikudhani alisema. "Nimekuja kukuambia siku. Wale wanawake ni wazee, baadhi yao hawatafika mwakani. Kwaheri."

Aliondoka. Alikuwa ameona mikono ya mtu yule, ya kawaida tu, yenye mafuta na gundi, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Alitaka iwe mikono ya jini.

*

Jumatano ilipambwa. Kulikuwa na hema, viti vya kukodi, matarumbeta ya jeshi, na gari la zege lililoegeshwa kando huku pipa lake kubwa likizunguka polepole. Wafadhili walikaa mstari wa mbele na kofia zao, kila mmoja na tabasamu la kazini, na mkalimani wa wizara nyuma yao. Mheshimiwa Makorongo aliteremka garini akaelekea jukwaani kwa mwendo wake, na watu wote kwa pamoja wakatazama juu, angani, kwa heshima.

Darasa la nne lilipangwa mbele ya kamba iliyozungushwa eneo la ujenzi na kupewa ile hadithi iliyoboreshwa. Sikudhani alitakiwa ahesabu moja mbili tatu, waanze. Alisimama mbele yao. Pandu alikuwepo na jicho lake, kasimama karibu na Somoe. Hakuna aliyekuwa akimtemea mwenzake mate.

Ndipo wanawake wa Bondeni walipokuja. Hawakuja na mabango. Walikuja na majembe begani kama waendao shamba, wakainama wakapita chini ya kamba, na kabla askari hawajajua wafanye nini, Bibi Mwanate alikuwa amekwisha kupiga jembe la kwanza.

Kanali aliinua mkono kutoa amri. Lakini mfadhili mmoja mama alikuwa amemgeukia mkalimani kuuliza wale kina mama wanafanya nini, na mkalimani, kijana aliyependa kazi yake, akamjibu jambo la kwanza lililomjia kichwani: wananchi wanachimba msingi kwa kujitolea. Wafadhili wakasimama wakapiga makofi. Wakatoa kamera. Mkono wa kanali ukabaki hewani, kisha ukashuka ukakuna shingo.

Mheshimiwa Makorongo hakuwa mjinga. Aliona kwamba mbele ya kamera zile hawezi kuwapiga, na akakumbuka silaha aliyoitegemea maisha yake yote. Angehutubia. Wangechoka.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "amani ni kama mtoto, na mtoto ni kama kitabu, na kitabu, ndugu zangu, ni kama amani. Leo tunapozungumzia amani hatuwezi kuacha kuzungumzia umuhimu wa amani..."

Sikudhani alimwita Bwana Ngwali, aliyekuwa amesimama nyuma ya hema akijifuta jasho. "Watoto wasikae hapa," alimwambia. "Wapeleke shuleni. Wasomee kitu chochote, lakini si hii takataka. Wakiuliza, wajibu ukweli."

Alitegemea Bwana Ngwali atatazama mlango. Hapakuwa na mlango wa kutazama. Bwana Ngwali alizikusanya zile karatasi mikononi mwa watoto, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. Akalitazama lile eneo lenye nyasi za kijani. "Kaka yangu alikuwa amevaa shati jeupe," alisema. "La mikono mirefu. Ukiliona." Halafu akawaongoza watoto kwenda zao. Somoe peke yake alibaki, kashika pindo la nguo ya bibi yake, na Sikudhani hakumfukuza.

Akachukua jembe.

Walichimba. Mheshimiwa alihutubia. Aligusa elimu, akagusa kilimo, akarudi kwenye amani. Jua likapanda. Dereva wa gari la zege alisogea jukwaani akanong'ona, "Mheshimiwa, zege linaganda," akafukuzwa na walinzi. Akarudi tena, "Mheshimiwa, dizeli inaisha, na pipa likisimama zege linaganda," akafukuzwa tena. Pipa likazunguka kwa shida, likaguna, likasimama. Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye mchango wa amani katika ufugaji wa nyuki.

Lakini wanawake hawakupata kitu. Walitoa mawe, mizizi, vipande vya vigae. Walichimba pembe moja, wakahamia ya pili. Eneo lilikuwa kubwa na wengi wao walikuwa wazee. Bibi Mwanate alikaa chini akishika kifua. Askari wakaanza kutabasamu. Profesa Kiluvya, aliyekuja na wageni, alisogea ukingoni mwa shimo akasema kwa sauti ya huruma, "Mnaona, mama zangu? Tuliwaambia. Ni upepo."

Sikudhani alisimama na jembe mkononi, matope hadi magotini. Alilipima jembe, akaipima shingo ya Profesa, na hakika kama si Somoe kusimama katikati yao angefanya jambo ambalo wizara ingeshindwa kulitafutia jina.

"Siyo hapo."

Sauti ilitoka nyuma yao. Baba yake Pandu alikuwa amepita kamba bila mtu kumzuia, kwa kuwa askari walimjua kama mtu wa Juu, mtu wao. Alikuwa na nguo zake za kazi. Hakumtazama yeyote.

"Siyo hapo," alirudia. "Sogeeni ukutani. Nililirudisha lori nyuma hadi tairi likagusa ukuta." Akanyoosha mguu, akaonyesha kwa ncha ya kandambili. "Kuanzia hapa. Mpaka pale."

Jukwaani Mheshimiwa alinyamaza katikati ya sentensi. Mfadhili mama alimgeukia mkalimani kuuliza mtu huyu amesema nini, na kijana yule aliyependa kazi yake akafumbua mdomo, na lugha zote alizojifunza zikamkimbia.

Sikudhani alimwendea yule mwanamume hadi wakasimama uso kwa uso. "Usituonyeshe kwa mguu," alimwambia. "Wale ni watu."

Baba yake Pandu akapiga magoti. Aliweka kiganja juu ya ardhi, akasogea, akakiweka tena, akasogea, hivyo hivyo kando ya ukuta wote wa ghala, akipima urefu wa alichokifanya mbele ya wake na mama wa waliozikwa pale. Alipofika mwisho alibaki vilevile kwa magoti, akanyoosha mkono kuomba jembe.

Sikudhani aliutazama mkono ule, akaliweka jembe begani kwake mwenyewe.

"Wewe umeonyesha, inatosha," alisema. "Kuchimba tutachimba wenyewe."